Ndege yetu imepigwa na mvua ya mawe, bima wanataka nisaini kabla ya Ijumaa

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mfanyabiashara wa mbao na nguzo, naishi Mbezi Beach. Huu ni mwaka wa nne mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunamiliki ndege ndogo ya viti vinne, Cessna 182. Yeye ndiye rubani. Ndege hulala uwanja wa Julius Nyerere, upande wa Jengo la Kwanza, na karibu kila mwezi hutupeleka Mufindi ninakonunua miti. Kwa gari ni siku nzima barabarani, kwa ndege unakunywa chai ya asubuhi nyumbani na mchana uko shambani.

Desemba tulilala huko siku mbili. Siku ya pili, saa tisa alasiri, wingu lilifunga juu ya mashamba ya chai, ikashuka mvua ya mawe ambayo mimi mtoto wa Temeke sikuwahi kuiona. Mawe yalikuwa kama mayai ya kwale. Ilinyesha dakika kumi tu. Ndege ilikuwa imefungwa kamba kiwanjani, mahali pa wazi, maana pale hakuna hanga. Ilipokatika tuliikuta imejaa vishimo juu ya mabawa yote mawili, juu ya mkia na kwenye vile vibao vya nyuma vinavyotembea. Taa ya bawa la kushoto ilikuwa imepasuka kioo. Kioo cha mbele kilisalimika.

Tulipiga picha chache kwa simu. Kesho yake shemeji aliizunguka, akajaribu usukani, akasema inatembea vizuri. Tukarudi nayo Dar. Kweli iliruka bila shida.

Tuliwaarifu bima siku iliyofuata. Alikuja mtu wao mmoja, akaizunguka kama nusu saa hivi, akaondoka. Wiki iliyopita tumeletewa hati ya kusaini. Wanasema ni madhara ya sura tu, watatulipa dola 9,000 baada ya kukata kiasi tunachobeba wenyewe, na tukisaini ndiyo malipo kamili na ya mwisho. Wanataka hati irudi kabla ya Ijumaa.

Shemeji anataka tusaini. Ana watoto watatu shule za kulipia na hii ni Januari, sihitaji kukueleza zaidi. Amempata na fundi wa bodi pale Tabata, hodari kweli kwa magari, anayesema atavuta vishimo, atajaza puti na kupiga rangi kwa milioni nne, na tutabaki na chenji. Mimi moyo unasita lakini sina hoja ya kumpa. Anaogopa pia kwamba tukileta maneno mengi, Mamlaka ya Usafiri wa Anga wataandika kwamba tumepata ajali na ndege itafungiwa.

Jambo jingine nisilifiche. Tulipokata bima tuliandikisha thamani ya dola 60,000 ili tulipe kidogo. Sokoni ndege kama hii, kwa hali iliyokuwa nayo, inakaribia mara mbili ya hapo.

Je, nisaini? Na kule kuiruka kutoka Mufindi kunaweza kutuponza?

Mwenye Ndege Nusu, Mbezi Beach

*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana, wewe na shemeji yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kabla sijagusa habari ya fedha nakuomba ufunguo wa hiyo ndege ukae kwako kuanzia leo. Isiruke tena, hata mzunguko mmoja juu ya Ukonga, mpaka injinia wa ndege mwenye leseni ameikagua na kuandika kwenye daftari la ndege kwamba inafaa. Nitakueleza kwa nini, na hiyo ndiyo itakuwa hoja yako mbele ya shemeji.

Juu ya bawa la Cessna kuna bati jembamba la aloi ya aluminiamu. Juu ya vile vibao vinavyotembea, yaani ailaroni zinazoinamisha ndege kushoto na kulia, flapi zinazoshushwa wakati wa kutua, na eleveta ya mkiani inayopandisha na kushusha pua, bati ni jembamba zaidi, halifiki hata nusu milimita. Kwa sababu ya wembamba huo kiwanda kimelikunja migongo kama bati la nyumba ili lipate nguvu. Jiwe la barafu likitua juu ya mgongo ule linauvunja, na mgongo uliovunjika haubebi tena mzigo uliowekewa.

Halafu kuna mizani. Ailaroni imewekewa uzito kwa mbele ya bawaba zake ili nyuma isizidi. Ikizidi nyuma, ndege ikishika kasi fulani ailaroni huanza kutetemeka yenyewe. Mtetemo ule hula nguvu ya upepo na kukua kwa kufumba na kufumbua, na unaweza kung'oa kibao kizima kabla rubani hajaelewa kinachotokea. Wenyewe wanauita flata. Sasa fikiria puti ya Tabata, gramu mia hapa, gramu mia pale, zote nyuma ya bawaba, kisha rangi nzito juu yake. Fundi yule simdharau hata kidogo, gari lako atalirudisha kama lilivyotoka kwenye meli. Lakini gari likitetemeka unaegesha kando. Ndiyo maana kitabu cha matengenezo cha kiwanda kinataka kibao kikitengenezwa au kikipakwa rangi upya kipimwe mizani yake kabla ya kurudishwa, na kazi hiyo ifanywe na karakana iliyoidhinishwa na Mamlaka, na mtu aliyeifanya aweke sahihi.

Hata kuvuta vishimo juu ya bawa lenyewe si kama kwenye gari. Aloi hii ni ngumu, ikishaingia ndani imevutika na kuongezeka, ukiigonga irudi inafanya mkunjo au ufa mdogo usioonekana. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya aluminiamu safi inayozuia kutu. Msasa wa fundi wa bodi unaikwangua ile ngozi, na ndege yako inalala Dar, chumvi ya bahari ikiifikia usiku na mchana.

Nenda kwa shemeji na hayo. Usimwambie hajui kazi yake, maana kuruka anajua. Mwambie tu kwamba anayekaa mbele katika ndege hiyo ni yeye.

Sasa tuje kwa bima. Miaka mingi nilikaa dawati la madai, meli na ndege, na nimeona hati nyingi kama hiyo uliyoletewa. Usisaini Ijumaa hii. Neno "kamili na ya mwisho" lina maana yake yote. Nilikuwa na faili la mzee mmoja aliyesaini kwa ajili ya vishimo vilivyoonekana kwa macho. Miezi miwili baadaye bawa likaanza kutoa mafuta, kwa sababu ndege yake ilikuwa ya zile ambazo tangi ni bawa lenyewe, na mapigo yalikuwa yamelegeza gundi inayoziba viungo kwa ndani. Akarudi kwetu. Nilimwonyesha sahihi yake. Sikuwa na la kumsaidia, na uso wake siusahau. Kwa hiyo yako nayo, kama ni ya matangi ya namna hiyo, ni lazima ifunguliwe na kuangaliwa kabla ya yeyote kutaja "sura".

Nusu saa ya mtu mmoja kuizunguka si ukaguzi wa mvua ya mawe. Hakupanda ngazi, naamini. Hakutoa ailaroni. Muulizeni kwa maandishi alama ngapi alizihesabu kwenye kila kipande, na kitabu kipi alikitumia kuamua kwamba ni sura. Kiwanda kina kipimo chake cha kishimo kinachovumilika na kisichovumilika, kwa kina, upana na umbali wake kutoka kwenye mstari wa ribiti. Kama hakurejea kitabu hicho, aliyoandika ni maoni yake.

Ninyi fanyeni hesabu yenu. Piga picha asubuhi na mapema au jioni jua likiwa chini, likipiga bawa kwa ubavu. Mchana wa saa sita vishimo vinapotea. Zungushia kila kishimo kwa kalamu ya nta au chaki laini, weka sarafu ya shilingi 200 kando yake ili ukubwa uonekane, halafu piga picha kipande kwa kipande. Usitumie penseli ya kawaida. Ile nyeusi yake ni grafaiti, na grafaiti ikigusana na aluminiamu penye unyevu huanzisha kutu. Wengi wameharibu bati zima kwa kuandika namba.

Tafuteni pia ushahidi wa mvua yenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa ombeni taarifa ya siku ile, lakini msishangae kituo cha karibu kikiwa hakikuona kitu, maana mvua ya mawe hupiga kilima kimoja na kuruka kingine. Mashamba ya chai huandika mvua zao kila siku, na yana sababu ya kukumbuka mawe kuliko sisi, kwa kuwa majani huchanika. Ombeni barua pale. Mlinzi wa kiwanja aandike alichokiona, na mtendaji wa kijiji agonge mhuri.

Hilo la kuiruka mpaka Dar, mwanangu, lilikuwa kosa, na nalisema kwa sababu nawapenda mkiwa hai. Pale kiwanjani mlitakiwa kumwita injinia. Angeona haifai kuruka kawaida, mngeomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga kibali maalum cha kuihamisha, rubani peke yake bila abiria, na bima wakubali kwa maandishi kabla ya safari. Kama lolote lingetokea juu ya Mikumi, mngekuwa mnajibu maswali mazito zaidi ya haya.

Je, litawaponza katika dai hili? Hasara ya mawe ilitokea ndege ikiwa imesimama, imefungwa kamba, haina mtu. Safari ilikuja baadaye na haiwezi kugeuka kuwa chanzo cha hasara iliyoitangulia. Wanachoweza kubisha ni kipande fulani, kwa mfano ufa ambao huenda uliongezeka hewani. Dawa yake ni kusema ninyi wenyewe kabla hawajauliza. Andikeni tarehe, saa, nani aliruka, na kwamba hakuna tatizo lililoonekana. Safari ile imo kwenye daftari la ndege na mnara uliwapokea, haiwezi kufichika. Bima imejengwa juu ya kuambiana kweli, na mteja aliyefumaniwa na uongo mdogo hupoteza hata haki yake kubwa.

Na hofu ya shemeji kuhusu kuitwa "ajali" itoke. Kanuni za kimataifa za uchunguzi, zile za Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, zinahesabu ajali ya ndege inayobeba watu tangu mtu wa kwanza anapopanda kwa nia ya kuruka mpaka wote watakapokuwa wameshuka. Ndege iliyofungwa kamba kiwanjani, haina mtu, ikapigwa na mawe, haimo humo. Ila kutokuwa ajali hakuifanyi ifae kuruka. Mwiteni injinia wenu, aandike kasoro kwenye daftari, na njia yake ya kutengeneza iwe wazi. Kinachofungia ndege ni kasoro iliyofichwa.

Nimefika kwenye lile uliloliita jambo la kutofichwa, na ndilo zito kuliko yote uliyoandika. Zile dola 60,000.

Watu wengi wanadhani bima ya ndege ni kama ya gari, kwamba siku ya hasara wataangalia bei ya sokoni. Kwa ndege, mara nyingi thamani inakubaliwa mwanzoni. Mliandika 60,000, basi ndege ikihesabiwa kuwa imekwisha mtalipwa 60,000 na mabaki yatakuwa yao. Kaa na hesabu hii taratibu. Ndege yenu ina injini nzima, propela nzima, redio nzima. Hata na vishimo vyake, kuna mtu atainunua kama ilivyo, tuseme kwa 35,000. Kwa bima, kuwalipa 60,000 na kuuza mabaki kwa 35,000 kunawagharimu 25,000. Karakana ikileta makadirio ya matengenezo ya 40,000, watakuwa wajinga kutengeneza. Watawapa 60,000, wataichukua, na ninyi mtaingia sokoni kutafuta nyingine inayouzwa karibu 120,000. Mmelipa ada ndogo miaka minne na sasa ndege yenye afya inawatoka mikononi.

Kwa hiyo nikuonye upande wa pili pia. Ukiingia ofisini kwao kwa hasira ukadai kila bati libadilishwe mpaka ndege iwe mpya, unaweza kuwa unawasukuma waichukue. Mikataba mingi ya ndege za aina hii imejengwa juu ya fomu ya soko la London iitwayo AVN 1C. Tazama kwenye hati yenu kama herufi hizo zimo. Katika fomu hiyo uchaguzi wa kulipa, kuleta ndege nyingine au kutengeneza ni wa bima. Si wenu.

Njia iko katikati, na inahitaji karakana yenye akili. Tafuteni karakana iliyoidhinishwa ambayo ninyi mmeichagua, na muombe makadirio mawili tofauti, katika karatasi mbili. Ya kwanza iwe na yale ambayo bila hayo ndege hairuki kihalali: ailaroni, flapi na eleveta zilizozidi kipimo cha kiwanda, taa, ncha za mabawa zenye ufa, ukaguzi wa matangi, mizani ya vibao, sahihi ya kuirudisha kazini. Ya pili iwe ya sura: vishimo vya juu ya bawa ambavyo kitabu kinavivumilia. Dai la kwanza lisimamieni mpaka mwisho, halina maelewano. La pili ndilo la kuzungumza. Mnaweza kukubali fedha taslimu kidogo kwa vishimo vinavyovumilika, vikaandikwa kwenye daftari kipande kwa kipande, na ndege ikabaki kwenu, ina alama za ndui lakini nzima. Hapo jumla haifiki mahali pa kuwashawishi kuichukua.

Ikitokea jumla ya lazima peke yake ni kubwa mno, msikate tamaa. Ulizeni kama watawauzia ninyi mabaki kwa bei ile ile ambayo wangemuuzia mwingine. Ni jambo linalofanyika, ila liulizwe kabla mabaki hayajatangazwa.

Kuna mambo mengine mawili matatu ya kwenye ile hati. Tazama kiasi walichokata. Mikataba ya ndege mara nyingi ina viwango viwili vya kile mnachobeba wenyewe, kidogo kwa ndege iliyosimama na kikubwa kwa ndege iliyo katika mwendo. Yenu ilikuwa imefungwa kamba. Kama wamekata kile kikubwa, hapo tu kuna fedha ya kurudi. Tazama pia bei ya vipuri inatoka wapi. Ailaroni haziuzwi Kariakoo, zinakuja kwa meli au ndege, na gharama ya kuzileta na kodi za bandarini ziwe ndani ya makadirio. Fomu niliyoitaja inalipa usafiri wa njia ya gharama nafuu kabisa, labda mkubaliane vinginevyo. Kwa hiyo kama mnataka vije kwa ndege ili msikose msimu, ombeni kibali kwa barua mapema. Na msianze kufungua ribiti hata moja bila ruhusa yao. Kinachoruhusiwa bila kuuliza ni kile cha usalama na cha kuzuia hasara isizidi. Kufunika ile taa iliyopasuka maji yasiingie mnaruhusiwa, tena mnatakiwa, kwa hiyo fanyeni kesho.

Jambo moja halitalipwa, nawaambia mapema ili msipoteze nguvu: kushuka kwa bei ya ndege kwa sababu sasa ina historia, na safari zako za Mufindi ulizozikosa. Mikataba hii haigusi hayo.

Mkichukua fedha na kuacha vishimo, mjue pia kwamba mwakani mtakapokata bima upya mtatakiwa kusema. Bima mpya itaandika kwamba alama hizo si zake, na mvua nyingine ikija mtabishana kishimo kwa kishimo kipi ni cha mwaka gani. Zile picha za sarafu ndizo zitakazowasaidia siku hiyo, zitunzeni. Na mwakani andikisheni thamani ya kweli. Ada itapanda, ndiyo.

Kuhusu Ijumaa. Haki ya kudai haifi kwa sababu karani ameandika siku kwenye barua ya kufunikia. Soma mkataba uone muda uliowekwa humo, ndio unaowafunga. Huenda wanaharakisha kwa nia njema, wafunge faili la mwaka uliopita. Huenda pia kiasi kidogo wanaweza kukilipa wenyewe hapa Dar, na kikubwa kinawalazimu kuandikia kampuni za nje zilizobeba sehemu ya hatari hiyo, ambazo zitamtuma mkadiriaji wao mwenye uzoefu wa ndege. Hilo la pili kwenu ni heri. Ombeni mkadiriaji wa ndege hasa, aje na ngazi.

Wakikataa hata kujibu, kwanza pelekeni lalamiko la maandishi kwa mkuu wa kampuni yenyewe. Likikwama, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyo chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, inapokea malalamiko ya wateja, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hapa hapa Dar es Salaam. Ulizeni kwanza kama kiasi mnachodai kinaingia katika mamlaka ya msuluhishi. Lakini sidhani mtafika huko. Faili lenye makadirio ya karakana na picha zilizohesabiwa huwa linazungumzika.

Shemeji hawezi kusaini peke yake kama majina yenu yote mawili yamo kwenye hati ya bima, na kama ndege iko kwa jina la kampuni yenu basi ni uamuzi wa wakurugenzi. Nakwambia ili ulale usingizi. Usimtumie hilo kama rungu. Ana ada ya watoto watatu mezani, na mtu mwenye ada ya Januari mezani anaona dola 9,000 na haoni kitu kingine. Kama mfuko wako unaruhusu, mkopeshe ada ya muhula huu, mwandikiane, alipe dai likiisha. Itakugharimu kidogo kuliko nusu ya ndege.

Barua kwa bima iandike usiku huu, fupi tu. Andika hivi:

"Tumepokea hati yenu ya kumaliza madai. Hatuwezi kuisaini kwa sasa kwa kuwa ndege haijakaguliwa kwa kufuata kitabu cha kiwanda. Tunaomba ridhaa yenu ya maandishi ili karakana iliyoidhinishwa ifungue na kukagua vibao vinavyotembea, mabawa na matangi. Tunawajulisha pia kwamba ndege ilirushwa kutoka Mufindi hadi Dar es Salaam siku moja baada ya mvua, na nakala ya ukurasa wa daftari tumeambatanisha. Tangu hapo haijaruka. Tunaomba mtueleze ni kiwango kipi cha kato mmetumia na kwa kifungu gani. Haki zetu zote chini ya mkataba zinabaki kama zilivyo."

Sainini wote wawili. Ipeleke kwa mkono, na usiondoke mapokezi mpaka wamegonga mhuri na tarehe kwenye nakala yako.